Nyumba ya Pwani, Ardhi ya Bara

Miji ya mwambao ina neno lake la kale la kutaja pembezoni mwake, nalo ni kiunga. Kiunga si mji wala si shamba. Ni pale ambapo nyumba huanza kuachana, miembe na minazi ikaingia katikati yake, na adhana ya msikiti wa mjini ikasikika kwa mbali. Unguja imelihifadhi neno hilo katika jina la Kiungani, kusini ya Mji Mkongwe, ambako wamisionari wa Kianglikana waliweka skuli yao katika karne ya 19. Zamani mwenye nyumba mjini alikwenda kiungani kupunga upepo. Siku hizi mambo yamepinduka: asiye na nyumba mjini ndiye anayekwenda kiungani kuitafuta.

Mbweni na Chukwani kwa upande wa Unguja, Kigamboni, Mbagala na Bunju kwa upande wa Dar es Salaam, vyote vilikuwa viunga vya minazi na mikorosho, na vyote vimegeuka kuwa mitaa. Mstaafu huingia humo na kiinua mgongo chake, mtumishi na mkopo wake, mfanyabiashara na faida yake ya mwaka. Kila mmoja huoneshwa nyumba, akaipenda, akalipa. Swali ambalo si wengi wanaoliuliza kabla ya kuhesabu fedha ni hili: anunuaye nyumba amenunua nini hasa? Amenunua kuta na paa, au amenunua pia ardhi iliyo chini ya kuta hizo?

Swali hilo lina historia ndefu, na historia hiyo haikubaki pwani. Ilipanda na barabara za misafara hadi Nyanda za Juu Kusini, ikafika Iringa na Mbeya, ikakaa huko kiasi cha karne moja, kisha ikateremka tena. Anayetaka kujua thamani ya nyumba ya kiungani hana budi kuifuata safari hiyo.

Kilichopanda kwanza ni nyumba yenyewe. Bara waliipa jina la nyumba ya Kiswahili, na umbo lake halimpotei aliyewahi kuliona. Mbele kuna baraza. Mlango wa mbele hufungukia ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi nyuma, na vyumba hupangwa pande zake mbili, aghalabu vitatu huku na vitatu huku. Ukumbi huishia uani, na uani ndiko kuliko na jiko, choo, mtungi wa maji na maneno ya watu wa nyumbani. Pwani nyumba hiyo ilisimamishwa kwa boriti za mikoko, ikafungwa fito, ikakandikwa udongo, ikapakwa chokaa na kuezekwa makuti. Umbo hilo lina hekima yake ya uchumi. Mwenye nyumba huweza kukaa chumba kimoja na kupangisha vitano. Huweza kuanza na vyumba viwili na kuongeza vingine kadiri Mungu anavyomjaalia. Ni makazi, na papo hapo ni kitega uchumi cha mtu asiye na mtaji mwingine.

Milima haikuwa tupu ilipofika nyumba hiyo. Wahehe walikuwa na tembe zao, nyumba ndefu za mstatili zenye paa bapa la udongo, zilizoelekeana na zizi la ng'ombe. Wanyakyusa wa Rungwe walijenga kwa mianzi katikati ya migomba, na Mskochi Joseph Thomson aliyepita huko mwaka 1879 alistaajabia usafi wa makazi yao. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa imekwisha kufika Usangu kwa Merere kabla ya Mzungu kuitawala nchi. Hata hivyo waliopita walikuwa wasafiri, hawakujenga mitaa.

Mitaa ilikuja na vita. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilikiteketeza kikosi cha Wajerumani huko Lugalo, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa. Wajerumani walirudi mwaka 1894 wakaivunja ngome ya Kalenga, na mwaka 1896 Tom von Prince akaweka kituo kipya juu ya mlima unaoutazama Mto Ruaha Mdogo. Kituo hicho kilichukua jina la Iringa, linalotokana na neno la Kihehe lenye maana ya ngome. Mkwawa mwenyewe alijiua mwaka 1898 akikataa kushikwa. Chini ya boma wakakusanyika watu ambao boma lolote haliwezi kuishi bila wao: askari na wake zao, wapagazi, mafundi, wapishi, wachuuzi wa chumvi na kaniki. Wengi wao walizungumza Kiswahili, na walipotaka kujenga walijenga nyumba waliyoijua.

Mbeya ni mji mdogo zaidi kwa umri. Uliota chini ya mlima Loleza katika miaka ya 1920, wakati wa Waingereza, ukanenepeshwa na dhahabu ya Lupa huko Chunya katika miaka ya 1930. Huko nako watu walikuja kutoka kila upande, na huko nako utawala uliwagawa kwa rangi, kama ulivyowagawa Dar es Salaam. Uzunguni palikuwa na nyua pana na miti. Uhindini palikuwa na maduka mbele na makazi nyuma. Mwafrika alipimiwa viwanja vidogo vilivyobanana, na mahali hapo pakaitwa Majengo, jina lile lile linalosikika Mombasa, Moshi na Pumwani ya Nairobi. Aliyetoka pwani akaingia Majengo ya Mbeya hakuhitaji kuelekezwa njia ya uani. Iringa nayo ina Mlandege yake kama Unguja ilivyo na Mlandege yake.

Baridi iliibadilisha nyumba, lakini haikuishinda. Miji yote miwili iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe cha Juni na Julai huko si kile cha pwani cha kujifunika shuka. Makuti hayakuwako; nafasi yake ilishikwa na nyasi, kisha mabati. Udongo na fito vikaipisha tofali la kuchoma, ambalo udongo mwekundu wa milimani ni kama uliumbwa kwa ajili yake. Madirisha yakawa madogo. Baraza lilibaki, ila kazi yake iligeuka. Pwani mtu hukaa barazani kulikimbia jua, Iringa mtu hukaa barazani kulifuata. Ukumbi, vyumba vya pande mbili na ua havikuguswa, wala desturi ya kupangisha chumba kimoja kimoja haikuguswa.

Basi umbo la nyumba lilisafiri salama. Sheria ya ardhi iliyo chini yake haikusafiri, na hapo ndipo penye kiini cha habari hii.

Pwani, mwenye nyumba na mwenye ardhi waliweza kuwa watu wawili. Ng'ambo ya Unguja, upande wa pili wa hori lililoutenga mji wa mawe, ilijengwa kwa msingi huo. Ardhi ilikuwa ya tajiri, au ilikuwa wakfu. Kibanda kilikuwa cha aliyekijenga. Mwanzoni mwenye ardhi aliwaweka watu wake hapo kwa fadhila na heshima, nao wakamjengea jina. Mji ulipokua, fadhila iligeuka kuwa kodi. Mwenye kibanda aliweza kukiuza, kukiweka rehani, kukirithisha, na wanawake wengi waliokuwa na vibanda vyao wenyewe walifanya hivyo. Kila mwezi, hata hivyo, mtoza kodi wa mwenye ardhi alipiga hodi. Katika miaka ya 1920 kodi hiyo ilipanda kiasi cha watu kushindwa kuvumilia, na mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kuilipa. Mgomo huo, ambao wanawake walikuwa mstari wa mbele ndani yake, uliilazimisha serikali kutunga sheria ya kuidhibiti kodi ya ardhi. Watu wale walikuwa wameelewa jambo moja kwa gharama kubwa: mwenye kuta asiyekuwa na ardhi ni mpangaji ambaye amejijengea mwenyewe chumba anachokilipia.

Mkopo nao ulikuwa na milango yake. Waislamu wa mwambao walijua kutofautisha bei kata, ambayo muuzaji akishauza amekwisha kuuza, na bei khiyari, ambayo muuzaji huweza kuirudisha mali yake akirejesha fedha kwa wakati. Mali nyingi za visiwani, mashamba ya mikarafuu na nyumba pia, zilipitia katika bei khiyari zikaishia mikononi mwa wakopeshaji, kwa kuwa wakati ulifika na fedha hazikufika. Hayo yote yalikuwa maarifa ya pwani kuhusu kununua: soma maneno ya mkataba, usiangalie mlango tu.

Bara mambo yalikuwa mengine. Sheria ya Ardhi ya Tanganyika ya 1923 ilitamka kwamba ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Gavana. Hapakuwa na tajiri wa kumtoza mtu kodi ya kiwanja Majengo, palikuwa na serikali, na mwenye nyumba alikaa kwa idhini yake. Mwaka 1928, mwaka ule ule wa mgomo wa Ng'ambo, sheria hiyo ilirekebishwa ili mwenyeji anayekaa juu ya ardhi kwa mila na desturi zake ahesabiwe kuwa na haki ya kuikalia. Haki hiyo haikuwa na karatasi. Iliishi katika kumbukumbu za wazee, mipaka ya miti na makaburi ya mababu. Mnyakyusa aliyekuwa na shamba la migomba Rungwe na Mhehe aliyekuwa na shamba lake Kalenga walikuwa na ardhi isiyoandikwa; jamaa zao waliohamia mjini walikuwa na kiwanja kilichoandikwa kwa muda mfupi. Upande mmoja ulikuwa na mizizi bila ya hati, na wa pili hati bila ya mizizi.

Uhuru ulirithi kanuni hiyo ukaikaza. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa kudumu, ule usio na ukomo wa miaka, ulifutwa Tanganyika na kugeuzwa kuwa ukodishaji wa serikali. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya umma, na mwenye ardhi wa Ng'ambo na kodi yake akaondoka katika historia. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ilizichukua kwa serikali nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Uhindini za miji ya Tanzania Bara, za nyanda za juu zikiwamo, zilibadilisha wenyewe.

Mwaka huo huo Iringa ilishuhudia jinsi suala la ardhi linavyoweza kumwaga damu. Siku ya Krismasi ya 1971, Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisimamia kilimo cha ujamaa kwa bidii kubwa, alipigwa risasi na kuuawa huko Ismani na mkulima Said Mwamwindi, ambaye mwenyewe aliupeleka mwili kwa polisi Iringa na baadaye akahukumiwa kunyongwa. Watu wameibeba kumbukumbu hiyo kila mmoja kwa upande wake. Lililo wazi ni kwamba watu wawili walisimama juu ya udongo mmoja, mmoja akiuona kuwa wa taifa na mwingine akiuona kuwa wake. Miaka michache baadaye Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya Watanzania, wakaacha nyumba na viwanja vya wazee wao, wakajenga kwenye ardhi ambayo jana ilikuwa ya jirani.

Wakati ardhi ikitikisika hivyo, njia za kuteremkia pwani zilifunguka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara kuu ya Zambia ilitiwa lami, ikapita Ipogolo chini ya mji wa Iringa na kuikata Mbeya katikati. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, nayo Mbeya ikawa kituo chake kikubwa. Wahehe, Wabena na Wanyakyusa walikuwa wameijua pwani tangu zamani za kwenda kukata mkonge Tanga. Sasa walikuja kukaa. Walipanga chumba katika nyumba ya Kiswahili ya Magomeni au Temeke, yenye ukumbi ule ule waliouacha Mwanjelwa au Mshindo, kisha wakaanza kutafuta kiwanja.

Mahali pa kukopea palikuwa finyu. Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilifungwa mwaka 1995, na sheria maalumu ya mikopo ya nyumba haikupatikana hadi 2008. Katikati ya hapo watu walijenga kama walivyojenga siku zote: tofali mia leo, mifuko miwili ya saruji mwakani, bati baada ya mavuno. Kiwanja nacho kilinunuliwa kwa hati ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, mashahidi wawili kila upande, na muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo ina uzito wake, kwani inathibitisha kwamba fulani amempa fulani fedha. Haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na cha kuuza, wala kwamba ramani ya mipango miji haikupitisha barabara juu ya kile chumba cha watoto.

Mwaka 2017 jambo hilo lilionekana mchana kweupe. Nyumba nyingi zilizosimama kandokando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, ziliwekewa alama na kubomolewa kupisha upanuzi wa barabara, kwa hoja kwamba zilikuwa ndani ya hifadhi yake. Ni barabara hii hii inayokwenda Iringa na Mbeya. Kuta zilikuwa za wenyewe, zimejengwa kwa jasho la miaka. Ardhi, kwa mujibu wa serikali, haikuwa yao. Mgomaji wa Ng'ambo wa 1928 angefufuka akasimama Kimara siku ile, asingehitaji mtu wa kumfasiria.

Lakini milima ilikuwa na zawadi yake ya kurudisha. Mapema miaka ya 1990 Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi kusikiliza mashauri ya ardhi. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Mwaka 1999 zikatungwa sheria mbili, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zikaanza kutumika 2001. Kwa mara ya kwanza kumbukumbu ya wazee iliweza kugeuzwa kuwa cheti: hati ya haki miliki ya kimila. Wilaya iliyochaguliwa kuijaribu ilikuwa Mbozi, iliyokuwa wakati huo katika Mkoa wa Mbeya na ambayo tangu 2016 imo katika Mkoa wa Songwe. Miaka ya baadaye vijiji vingi vya Iringa vijijini vilipimwa, shamba kwa shamba, majirani wakitembea pamoja juu ya mipaka na kukubaliana mbele ya mashahidi kabla ya chochote kuandikwa. Katika hati hizo majina ya wanawake yaliandikwa pia, peke yao au pamoja na waume zao, katika nchi ambayo mila zake nyingi zilimhesabu mwanamke kuwa mpita njia katika shamba la babake na katika shamba la mumewe.

Hapo ndipo mzunguko unapokamilika. Pwani iliwapa watu wa milimani nyumba: ukumbi, baraza, ua, na chumba cha kupangisha kinachomlinda mjane asilale njaa. Milima iliwarudishia watu wa pwani utaratibu wa kuuliza mpaka kabla ya kuuliza bei. Kuuza na kununua kiungani kungepungukiwa na machozi mengi lau utaratibu ule wa Mbozi na Iringa ungefuatwa kwenye kila kiwanja cha mwambao: jirani wa kila upande aitwe, mpaka utembewe kwa miguu, ofisi ya ardhi iulizwe kilichoandikwa na kilichopangwa, na mke au mume wa muuzaji asikilizwe. Hili la mwisho si adabu tu. Tangu Sheria ya Ndoa ya 1971, nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani Tanzania Bara bila ya ridhaa ya mwenzi, na wanunuzi wasiohesabika wamelijua hilo mahakamani baada ya kulipa.

Waswahili husema nyumba njema si mlango. Methali hiyo huelezwa kwa kuwataka watu waingie ndani waone vyumba na tabia ya wenyewe. Historia ya Ng'ambo, ya Majengo na ya Kimara inaipa maana nyingine. Aliyekwisha kuingia ndani, akahesabu vyumba, akapendezwa na ukumbi na kuuona ua ulivyo mpana, bado hajaiona nyumba yote. Imebaki sehemu moja isiyopakwa chokaa wala kuezekwa bati, nayo ndiyo iliyotangulia kuwako, na ndiyo itakayobaki kuta zikianguka.